Timu ya Pokémon haijengwi na mastaa sita

Kuna swali ambalo kila mara lazima nilikute: "Kaka, Pokémon yupi ndiye mkali kuliko wote?" Nikimjibu mtu kwamba hakuna, ananuna, anaona namficha siri. Leo naandika kirefu ili yaishe. Naona vijana wanalipia saa nzima ya kafe, wanaingia kwenye mpambano na viumbe sita wa kutisha, dakika kumi baadaye wanatoka wanasema huyo mpinzani ana bahati tu. Bahati ipo, sikatai. Ila mara nyingi jamaa alishashinda kabla hamjaanza, pale alipokuwa anapanga timu.

Kwa wageni, kifupi tu. Pokémon ni mchezo uliotoka Japani mwaka 1996. Kwenye mpambano kila mchezaji ana viumbe hadi sita, na kila kiumbe ana mapigo manne. Kila zamu wewe na mwenzako mnachagua kwa siri: kupiga, au kumtoa kiumbe aliyepo uwanjani na kuingiza mwingine. Anayeishiwa uhai katoka. Anayeishiwa viumbe wote amekula kichapo. Leo kuna aina zaidi ya 1000 za kuchagua, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: wanafungua orodha, wanaangalia nani ana namba kubwa, wanabeba sita bora, wanaona wamemaliza.

Hebu niwakumbushe jambo la mpira. Mwaka 2003 Real Madrid walimnunua David Beckham, wakati tayari walikuwa na Zidane, Figo, Ronaldo na Raúl. Kiangazi hichohicho wakamwachia Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, aende Chelsea. Makélélé hakuwa mfungaji wala hakuuza jezi. Kazi yake ilikuwa kukaba, kunyang'anya mpira na kumpa mwenye kipaji. Madrid hawakuchukua tena ubingwa wa Hispania mpaka 2007. Mastaa walikuwepo. Kazi moja ilikosa mtu.

Timu ya Pokémon ni hivyohivyo. Ukielewa hilo, mengine yote ni maelezo. Haya, twende kazi.

1. ASILI: NANI ANAMZIBIA NANI

Kila kiumbe ana asili moja au mbili: Moto, Maji, Majani, Umeme, Barafu, Chuma, Joka na kadhalika. Zilikuwa 15 mwaka 1996, zikaongezwa Giza na Chuma mwaka 1999, na mwaka 2013 ikaja ile ya rangi ya waridi ambayo mimi naiita Kichimbakazi. Jumla 18. Maji yakimpiga Moto, madhara mara mbili. Moto ukimpiga Maji, nusu. Umeme ukimpiga Ardhi, sifuri kabisa. Kiumbe mwenye asili mbili anazizidisha: zote mbili zikiwa dhaifu kwa pigo fulani, anakula mara nne, na mara nyingi ndiyo kwaheri.

Sasa siri ni hii. Wanaoanza wanatumia asili kushambulia tu. Wazoefu wanazitumia KUINGIA. Ukiona mpinzani anakaribia kukupiga kwa Barafu, unamtoa anayeumizwa na Barafu, unamwingiza asiyeumia. Pigo lake limepotea bure, na wewe sasa una mtu mzima uwanjani anayemtisha. Mpambano mzima ni huo: nani anaingia kiulaini mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo ukiangalia timu yako usiulize "nani ana nguvu?" Uliza: "Huyu akiogopa pigo hili, nani anaingia badala yake?" Kama jibu ni hakuna, una tundu. Na mpinzani mzuri atalipata tundu hilo ndani ya zamu tano.

2. KAZI: MPIGAJI, UKUTA NA MSAIDIZI

Mapigo yapo ya namna mbili: ya mwili, kama ngumi na meno, na ya nishati, kama miale na mawimbi. Tangu Diamond na Pearl za mwaka 2006 kila pigo lina namna yake lenyewe, kabla ya hapo asili ndiyo iliyoamua. Kila kiumbe ana ulinzi wa mwili na ulinzi wa nishati, na mara chache sana anakuwa na vyote viwili kwa wingi.

Mfano mzuri ni Skarmory na Blissey, wote wa mwaka 1999. Skarmory ni ndege wa chuma, ulinzi wake wa mwili wa msingi ni 140. Blissey ni kama nesi mnene wa rangi ya waridi, uhai wake wa msingi ni 255, jambo la kutisha, lakini ulinzi wake wa mwili ni 10 tu. Ngumi moja nzuri inamlaza. Ukimpiga kwa mwili anaingia Skarmory, ukimpiga kwa nishati anaingia Blissey. Watu walisumbuliwa na hao wawili kwa miaka.

Sasa, je, ubebe kuta sita ukae tu? Hapana. Kuta nazo zina wabomoaji. Mwaka 2006 akaja Magnezone, wa asili ya Umeme na Chuma, mwenye kipaji cha kumnasa kiumbe wa Chuma asiweze kutoka uwanjani. Skarmory akinaswa, anapigwa Umeme hadi mwisho, na Blissey kabaki mjane. Baada ya hapo mpiga ngumi yeyote anajipitia.

Timu inayoitwa ya mizani kwa hiyo inataka hivi: wapigaji wa mwili na wapigaji wa nishati wote wawepo, ili ukuta mmoja wa mpinzani usiwazuie wote. Kuwe na mtu wa kupokea mapigo ya mwili na wa kupokea ya nishati. Kuwe na wasaidizi, wale wanaounguza, wanaopooza, wanaoponya wenzao. Pigo kama Will-O-Wisp halimuui mtu, linamwunguza tu, na aliyeungua nguvu yake ya mwili inakatika nusu. Staa wa mpinzani amegeuka mzee wa kijiji kwa zamu moja.

3. KASI: MWENYE KUANZA NDIYE MWENYE KUAMUA

Mwenye kasi anapiga kwanza, na aliyepigwa akafa hapigi tena. Garchomp ana kasi ya msingi 102. Unaona ni namba ya ajabu, mbona si 100? Kwa sababu wapo wengi wenye 100 kamili, Salamence mmojawapo, na hizo mbili za ziada zinatosha Garchomp kuwawahi wote wakifundishwa sawasawa. Kasi haina kupita kidogo au sana. Umepita au hujapita.

Huna haja ya kujaza timu wenye mbio tu. Zipo njia nyingine. Yapo mapigo ya kuwahi, kama Bullet Punch, ambayo hutangulia hata kama mpigaji ni mzito. Kuna kitambaa kinachoitwa Choice Scarf kinachoongeza kasi kwa nusu, ila kinakufunga kwenye pigo moja mpaka utoke. Kuna Trick Room, inayopindua mambo kwa zamu tano, wazito wanaanza na wenye mbio wanasubiri. Kanuni yangu ni rahisi: kwenye timu yako lazima kuwe na angalau njia mbili za kumzuia mtu aliyekwisha kujiongezea nguvu na kasi. Ukiwa na moja na ikafa, unabaki kutazama.

4. MAWE: ADUI ASIYEONEKANA

Hapa wengi wanachemsha. Tangu mwaka 2006 kuna pigo linaitwa Stealth Rock. Mtu anatawanya mawe upande wako, na kuanzia hapo kila kiumbe wako anayeingia anaumia kabla hajafanya lolote. Mwenye asili ya kawaida tu anapoteza 12.5% ya uhai wake. Anayeogopa Mwamba anapoteza 25%. Anayeuogopa mara mbili anapoteza 50%.

Charizard, yule joka la moto ambalo kila mtu analipenda tangu utotoni, ni Moto na Anga. Zote mbili zinaogopa Mwamba. Akiingia mara moja nusu ya uhai imeondoka, na akiingia ya pili akiwa hajapona ndiyo basi. Ndiyo maana nikiona timu ina Charizard na haina mtu wa kufagia mawe, najua mpambano utaishaje.

Dawa zipo. Kuna Rapid Spin inayofagia upande wako, ila mpinzani akiingiza Mzimu pigo linapita hewani. Kuna Defog, ambayo tangu mwaka 2013 nayo inaondoa mawe. Na tangu Sword na Shield za mwaka 2019 kuna viatu vizito, Heavy-Duty Boots, mwenye kuvivaa hagusi mawe. Chagua unayotaka, ila iwepo. Na wewe mwenyewe uwe na mtu wa kutawanya mawe kwa mwenzako.

5. TUJENGE PAMOJA

Maneno matupu hayavunji mfupa, tujenge timu moja. Nachukua mchezo wa mmoja kwa mmoja kama ulivyokuwa kwenye kizazi cha 2013 na 2014, kwa sababu mizani yake inaonekana wazi.

Naanza na ninayempenda: GARCHOMP, Joka na Ardhi. Ana mbio, anapiga kwa mwili, anatawanya mawe. Anaogopa nini? Barafu mara nne, kisha Joka na Kichimbakazi.

Sasa natafuta anayezipokea zote tatu. Chuma kinazipunguza zote. Basi anaingia SCIZOR, Mdudu na Chuma, mwenye Bullet Punch ya kuwahi. Yeye anaogopa kitu kimoja tu duniani, Moto, tena mara nne. Nani anapunguza Moto? Garchomp. Umeona? Wawili tu na tayari wanazibiana.

Wa tatu ROTOM-WASH. Huyu ni jini aliyeingia ndani ya mashine ya kufulia nguo, msicheke. Ni Umeme na Maji, na kipaji chake kinamfanya aelee, Ardhi haimgusi. Anaogopa Majani peke yake, na Scizor anayapokea Majani kwa robo. Kazi yake ni kuunguza wapiga mwili wa mpinzani.

Wa nne CLEFABLE, Kichimbakazi halisi. Mapigo ya Joka kwake ni sifuri, na akiwa na kile kipaji cha Magic Guard hata mawe hayamuumizi. Anaponya, anastahimili, anawapa wenzake pumzi. Anaogopa Chuma na Sumu. Chuma Rotom na Scizor wanakipunguza, na Sumu kwa Scizor haiingii kabisa.

Wa tano LATIOS, Joka na Akili. Mpaka hapa wapigaji wangu wakubwa ni wa mwili, hivyo nahitaji wa nishati, na Latios ana nguvu ya nishati ya msingi 130 na kasi 110. Tena anaijua Defog, mfagiaji nimempata.

Wa sita simchagui kwa kupenda. Nachukua karatasi, nahesabu. Barafu: wanaoiogopa ni Garchomp na Latios, wanaoipokea ni Scizor na Rotom. Sawa. Joka: wanaoliogopa ni haohao wawili, wanaolipokea ni Scizor na Clefable. Sawa. Kichimbakazi: wanaomwogopa ni haohao wawili, anayempokea ni Scizor PEKE YAKE. Hapo ndipo tundu lilipo. Mpinzani akimdhoofisha Scizor, Kichimbakazi mmoja anafagia nyumba nzima. Na Scizor mwenyewe Moto unamtesa.

Kwa hiyo namtaka mtu anayepokea Kichimbakazi na asiyejali Moto. Jibu ni HEATRAN, Moto na Chuma. Kichimbakazi kwake ni robo, na kipaji chake cha Flash Fire kinaumeza Moto na kumzidishia makali. Anapiga kwa nishati, akimwondolea Latios mzigo wa kuwa peke yake. Yeye anaogopa Ardhi mara nne, lakini Rotom na Latios wote wanaelea. Anaogopa Maji, Rotom na Latios wanayapokea. Anaogopa ngumi za asili ya Mapigano, Latios na Clefable wanazipokea.

Angalia tulivyofika. Hakuna mahali nimeuliza "nani mkali?" Kila aliyeingia, aliitwa na udhaifu wa waliomtangulia. Sheria za mashindano hubadilika na viumbe wanaoruhusiwa hubadilika, kwa hiyo msikariri majina haya sita mkadhani ni dawa ya leo. Karirini njia: penda mmoja, orodhesha anachoogopa, mwite mwenzake, hesabu tena.

6. KINDI ALIYETWAA DUNIA

Wapo watakaosema hiyo ni nadharia, mwishoni mwenye wakubwa hushinda. Basi nendeni Washington, D.C., Agosti 2014, fainali za dunia. Mashindano rasmi huchezwa wawili kwa wawili: unakuja na sita, unaona sita wa mwenzako, unachagua wanne. Bingwa wa wakubwa alikuwa Sejun Park wa Korea Kusini, na kwenye timu yake alikuwemo PACHIRISU.

Pachirisu ni kindi mdogo wa Umeme. Ukijumlisha namba zake zote za msingi unapata 405. Garchomp ana 600. Ukimweka kindi huyo kwenye timu ya mastaa, watu watakucheka. Sasa sikia alichofanya.

Mpigaji mkubwa wa Park alikuwa Gyarados, Maji na Anga, anayeogopa Umeme mara nne. Kila mpinzani anajua hilo, kila mpinzani anabeba Umeme. Pachirisu ana pigo la Follow Me, linalowalazimisha wapinzani wampige yeye badala ya jirani yake, na ana kipaji cha Volt Absorb, ambacho akipigwa Umeme haumii, anapona. Yaani Umeme ulioelekezwa kumuua Gyarados unaishia kumlisha kindi. Zaidi ya hapo, alikuwa na Super Fang, inayokata nusu ya uhai uliobaki wa anayeng'atwa. Meno hayo hayaulizi wewe ni mkubwa kiasi gani. Na alikuwa na Nuzzle, inayompooza mtu kwa uhakika na kumtia uzito.

Angekuwepo kiumbe mwenye namba 600 nafasi hiyo, Gyarados angekosa kinga. Kindi alikuwa Makélélé wa timu ile. Ila naomba nieleweke: siwaambii mkamchukue Pachirisu leo. Wengi walimwiga baada ya fainali ile, bila Gyarados na bila wale wengine waliomfanya awe na maana, wakaishia kulala mapema. Kindi bila kazi ni kindi tu.

7. KABLA HUJAINGIA MPAMBANONI

Kufanya mazoezi huhitaji kununua mashine. Pokémon Showdown ipo tangu 2011, ni bure, inafunguka kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote ya kafe, na inakupa kiumbe unayemtaka bila kwenda kumwinda porini. Ila kabla hujabonyeza kitufe cha kutafuta mpinzani, jiulize haya matano:

- Kuna asili inayowaumiza wangu watatu au zaidi, na ni nani anaipokea?
- Nina wapigaji wa mwili na wa nishati?
- Nina njia mbili za kumzuia mwenye mbio?
- Nani anatawanya mawe, na nani anayafagia?
- Nikifumba macho, naweza kusema kazi ya kila mmoja kwa sentensi moja?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ukifika kwa mtu ukasema "huyu... aah, huyu ni mkali tu," huyo ndiye wa kutoka. Hana kazi, anakaa kwenye nafasi ya mtu mwingine.

Halafu cheza michezo kumi bila kubadilisha chochote. Kila ukifungwa andika jina la aliyekumaliza. Jina moja likijirudia mara tatu au nne, umepata tundu, badilisha kiumbe MMOJA, rudi ucheze tena. Wanaobadilisha timu nzima kila wakifungwa hawajui kamwe kilichowaua ni nini, na saa ya kafe inaendelea kukatika.

Kuna watu watasema mambo haya ni ya watoto. Sawa. Ila kijana anayeweza kukaa na karatasi, akahesabu udhaifu wa kundi lake, akamwita mtu kwa sababu ya kazi na si kwa sababu ya jina, huyo kajifunza kitu ambacho Madrid walisubiri miaka minne wakikitafuta.

Naomba kutoa hoja. Mwenye timu yake aiweke hapo chini kwenye maoni, majina sita na kazi za kila mmoja, tuikague pamoja. Matusi hapana, ubishi ruksa.